Aliyefyeka Ndiye Anayeokota

Kazi yangu mwaka ule ilikuwa kuwauliza watu wa Ruangwa kama miti inawafurahisha. Naieleza hivyo kwa sababu ndivyo mama yangu alivyoielewa na ndivyo alivyowatangazia majirani, na mpaka leo nikipita sokoni Nachingwea hakosekani mtu wa kuniuliza, mwalimu, vipi, miti bado inafurahisha? Kwenye mkataba iliandikwa kwa heshima zaidi. Ulikuwa utafiti kuhusu mazingira ya asili na afya ya mwili na moyo. Mimi nilikuwa mdadisi, yaani yule anayezunguka vijijini na tableti kwapani na kipimo cha presha begani, anasoma swali, anabonyeza jibu, anapima, anaaga, anahamia nyumba ya pili.

Mwalimu wananiita kwa mazoea tu. Ualimu niliuacha kwa sababu ya hasira zangu, ambazo haziko mbali. Siku moja mkuu wa shule alinisema mbele ya wanafunzi, nami nikamsema mbele ya wazazi wao, tukawa hatuwezi tena kukaa ofisi moja. Naliweka hili mapema ili nikifika pale nilipokosea mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa mtu wa kutenda kwanza na kuuliza baadaye, na huyo ndiye waliyemwajiri kuuliza.

Kwetu hasa ni Kilimarondo. Huko ndiko wazazi wangu walikolima korosho na ufuta maisha yao yote, na baba alipofariki mama akabaki na shamba, na nyumba, na tembo. Tembo wa kule si habari ya kushangaza, wanapita kama wapita njia wengine. Lakini msimu mmoja waliingia mpaka uani, mchana kweupe, wakavunja ghala la mahindi wakala, mama akiwa ndani amekaa sakafuni, mdomo ameuziba kwa kanga. Niliposikia nilipanda pikipiki siku ileile. Nilimkuta anafagia vipande vya ghala, nikamwambia tunaondoka. Akasema ngoja ufuta ukauke. Nikasema ufuta huo wale haohao waliokula mahindi.

Alibeba sanduku moja na fundo moja la kanga. Fundo lilikuwa zito, na alikataa lisifungwe nyuma ya pikipiki, akalipakata mapajani safari nzima. Nilidhani ni vitu vya baba. Sikuuliza.

Nyumba yangu iko Nachingwea mjini, ya tofali, na nyuma yake upo mkorosho mmoja ambao niliukuta nilipopata kiwanja. Nilimpa mama chumba chenye dirisha la upande ule. Hospitali walimpima wakakuta presha iko juu, wakampa dawa na kadi ya kurudi kila mwezi. Nami nikaongeza masharti yangu ambayo daktari hakuyataja. Usiinue ndoo. Usipike kwa kuni. Usilime. Umelima vya kutosha, mama, sasa pumzika. Jembe langu nililificha uvunguni mwa kitanda changu, kama mtu anavyomficha mlevi chupa.

Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa Ruangwa. Jirani yangu, mama mmoja Mkatoliki mwanakwaya, ambaye hata akichota maji anaimba sauti ya pili, alikubali kumwangalia mama na kuhakikisha anameza dawa. Jumamosi nikirudi nilimpima presha kwa kipimo cha kazini na kuandika kwenye daftari. Miezi ya kwanza mama alikuwa kimya na presha yake haikushuka. Mvua ziliponyesha ikaanza kushuka, wiki hadi wiki, taratibu. Akaanza kula. Akaanza kunisema kuhusu nguo zangu. Nikajipongeza kwamba dawa inafanya kazi na mimi ni mtoto mwema.

"Mama yako siku hizi ana ofisi yake nyuma ya nyumba," jirani aliniambia siku moja.

Nikacheka. Nilidhani ni utani, kwa sababu yule mama hutania hata msibani.

Huko Ruangwa, kusema kweli, sikuwa naelewa ninachokifanya. Swali la kwanza la dodoso liliuliza mtu anakaa saa ngapi kwa wiki kwenye mazingira ya kijani. Siku ya kwanza nilimsomea mzee aliyekuwa anapulizia mikorosho salfa, uso wote wa njano, macho mekundu. Alizima mashine yake kwa heshima ili anisikie vizuri. Nikarudia swali. Akatazama mikorosho yake upande huu, akatazama upande ule, akaniuliza, "Mwanangu, wewe unaniona niko wapi?" Nikabonyeza saa nyingi kuliko zote zilizoruhusiwa. Kisha nikampima presha, ikawa juu kuliko ya mama yangu.

Nyumba iliyofuata nilimkuta bibi mmoja, nikamuuliza kama msitu unamtuliza nafsi. Akasema msitu una nguruwe. Nikamuuliza tena kama anapenda kusikiliza ndege. Akasema ndege ndio wanaomaliza mtama wake, na kama serikali imenituma kuwahesabu nianze na wale wa shambani kwake. Lakini jirani wa bibi huyohuyo, mwanamke wa umri wangu, alinishika mkono akanisogeza pembeni. Akaniambia kwamba yeye akigombana na mumewe hukata kuni hata kama kuni zipo, na anaporudi hasira zimeisha na mzigo anao. Nikabonyeza ndiyo. Halafu nikasimama njiani na tableti yangu, sijui nimwamini yupi.

Bosi wetu alikuwa kijana wa Dar es Salaam, msomi, mpole, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Jioni tulikuwa tunakaa tunapitia majibu. Nilimwambia, watu hawa wamezungukwa na kijani kutoka kuzaliwa, na wengine wanaumwa na wengine hawaumwi, sasa tunatafuta nini? Akasema hicho ndicho tunachotafuta. Jibu hilo lilinikera wiki nzima.

Sasa nifike nilipokosea.

Ilikuwa mwezi wa sita, watu wanavuna ufuta. Jumamosi ile nilifika nyumbani asubuhi nikakuta mama amekwenda hospitali na jirani kwenye siku yake ya kadi. Nikazunguka nyuma kuanika nguo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikautazama mkorosho wangu. Chini yake palikuwa pori. Majani yalifika magotini, mlenda umejiotea, magugu ya kila aina, na kamba moja nyembamba ya mmea imejizungusha kwenye shina mpaka juu kwenye matawi, majani yake yameanza kugeuka rangi.

Niliona aibu, na haikuwa aibu yangu, ilikuwa ya mama. Kwetu chini ya mkorosho panatakiwa kung'aa. Msimu ukikaribia unafyeka na kufagia mpaka ardhi iwe tupu, ili korosho ikidondoka uione ilipo. Mama yangu alisifika kwa hilo. Watu walikuwa wakipita shambani kwake Kilimarondo wanasema hapa hata sindano ikianguka inaonekana. Nikasema moyoni, masikini, nguvu zimemwisha, anaamka kila siku kwenye dirisha lile anatazama uchafu huu na hawezi kufanya kitu, na mimi mtoto wake nashinda Ruangwa nauliza watu habari za ndege. Macho yalinilowa. Nikachukua fyekeo.

Nilifyeka kwa mapenzi, hilo naliapia. Nilifyeka, nikang'oa, nikafagia, nikakusanya taka nikachoma. Ile kamba niliikata chini, nikaivuta, ikatoka yote kwa urefu wake. Kuna kitu kiliniambia naijua. Mkono ulikuwa umeshapita.

Mama aliporudi nilimshika mkono nikampeleka nyuma. Nilisimama pembeni nikisubiri kusifiwa.

Alitazama chini, akatazama shina mpaka juu. "Umefyeka," akasema.

"Nimefyeka, mama. Unaonaje?"

"Pamependeza. Asante, mwanangu."

Akaingia ndani, akavua ndala zake mlangoni, akazipanga vizuri, akalala. Nilidhani ni uchovu wa foleni.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta kitandani. Iliyofuata tena vilevile. Jirani aliapa kwamba dawa anameza, anazitoa yeye mwenyewe kwenye pakiti na anasubiri mpaka zishuke. Lakini presha ilikuwa inapanda. Chakula alikuwa anakigusa tu. Hakunisema tena kuhusu nguo zangu, nikavaa gauni lililochanika makusudi, hakusema. Tulirudi hospitali wakabadilisha dawa, wakauliza kama kuna jambo linamsumbua. Mama akasema hakuna, anashukuru, mtoto wake anamtunza.

Halafu siku moja akaniambia, amegeukia ukutani, "Nirudishe kwangu."

"Kwa tembo?"

"Tembo wananijua."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia tembo hawamjui mtu, nilimwambia kule hakuna wa kumpimia presha, hakuna jirani, hakuna mimi, na kwamba akirudi atakufa. Neno kufa lilinitoka kwa nguvu, nikasikia jirani anaacha kuimba. Mama akasema tu mavuno yakiisha magari ya kubeba ufuta yatakuwa yanakwenda huko tupu, ataomba lifti. Nilijua hatanii. Hajawahi kutania kuhusu safari.

Nikawa na wiki chache tu, na sikuwa najua ninapigana na nini.

Wakati huohuo bosi akabadilisha maswali. Alitaka kila mdadisi ayajaribu kwanza kwa mtu mzima wa nyumbani kwake, aone kama yanaeleweka. Sikuwa na mtu mzima mwingine. Jumapili mchana nikakaa kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha mama, nikawasha tableti, nikamwambia ajibu tu ili nimalize kazi ya watu.

"Katika siku saba zilizopita, umekaa muda gani mahali penye miti, nyasi au mimea?"

"Siku saba hizi? Sijakaa."

"Je, kuna wakati ulikuwa na mazoea ya kukaa mahali kama hapo?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Asubuhi mpaka jua liwe kali, na jioni tena."

Nilijua anazungumzia Kilimarondo. Nikasoma swali linalofuata bila kuinua uso. "Mahali hapo ni wapi?"

"Hapo nje."

"Nje wapi, mama?"

"Pale ulipofyeka."

Niliendelea kuishika tableti. Ilizima mwanga wake yenyewe, nami sikuiwasha. Nikamuuliza kulikuwa na nini pale, na sasa sikuwa nasoma swali la mtu. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja vitu vya kununua dukani. Kulikuwa na mlenda wa kwake, mbegu za kutoka nyuma ya nyumba ya Kilimarondo. Kulikuwa na majani fulani ya kuchemshia chai. Na kulikuwa na ming'oko, ambayo alichimba vichwa vyake vya kuotesha siku ile tembo walipoondoka, kabla ya kuanza kufagia, kwenye kichaka walichokuwa wakichimba na baba tangu walipooana. Ndivyo vilivyokuwa kwenye fundo la kanga.

Ming'oko ni viazi vyembamba vya porini. Kwetu watu huchimba, hawapandi, na mtoto wa Kilimarondo anaijua kamba yake kabla hajajua kusoma. Niliijua na nikaivuta.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. "Siku ileile, mama. Ungenigombeza."

"Ningekugombezaje? Ulikuwa umefyeka vizuri."

Jumatatu nilimweleza bosi kila kitu, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumweleza anayelipwa kuelewa mambo hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema, "Mwalimu, hii ni data nzuri sana."

Nilimwambia mama yangu si data. Nilimwambia na mengine ambayo mtu hamwambii bosi wake. Yule kijana hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Nikamuuliza basi nifanye nini, wewe si ndiye msomi. Akasema, "Sijui. Kama tungejua, tusingekuajiri utuulizie."

Nikaamua kurudisha kijani. Niliona hesabu ni rahisi, mimea iliondoka mama akalala, mimea ikirudi mama ataamka. Nilinunua maua yaliyopandwa kwenye makopo nikayapanga kuzunguka mkorosho. Nilikwenda mpaka Marambo kwa mama mmoja anayeuza ming'oko ya kuchemsha, nikamwomba aniuzie vichwa vibichi. Akaniuliza vya nini. Nikasema vya kupanda. Akawaita wenzake waje wamwone mtu anayepanda ming'oko. Walicheka, wakanipa bure. Nikachimba vishimo kwa panga, maana jembe lilikuwa limefichwa na nilikuwa bado nalificha, nikavifukia, nikavimwagia maji.

Mama alikuwa anatazama dirishani. Nilimwona. Nikampungia mkono, akanipungia. Hakutoka.

Nilingoja wiki mbili. Maua yalikuwa mazuri, jirani aliyasifu. Mama hakutoka. Jumamosi ya pili nilimpima, ikawa palepale juu, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya maua yangu nikalia, maana sikuelewa tena chochote. Kama ni mimea, mimea ilikuwa pale. Kama si mimea, basi mimi nilikuwa nazunguka Ruangwa kuuliza nini?

Jibu nililipata kazini, na sikulitafuta. Ilikuwa kwa mwanamume mmoja, kijiji kimoja cha Ruangwa, mtu wa makamo, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba anasuka kamba. Nilimsomea swali nililokuwa nimelisoma mara nyingi mpaka limenichosha. Je, kuna mahali penye miti ambapo ukikaa moyo wako unatulia?

"Palikuwepo," akasema. "Kaka yangu akapafyeka."

Nikasema samahani, maana nilikuwa sijamwelewa. Akaeleza. Ulikuwepo mkorosho mpakani mwa shamba lake na la kaka yake, baba yao aliupanda, na yeye ndiye aliyekuwa akiushughulikia. Alisafiri kuuguza, akarudi akakuta kaka amefyeka chini yake, peupe, pamefagiliwa. Tangu siku ile hajakanyaga pale.

"Labda alikuwa anakusaidia," nikasema. "Ulikuwa safarini."

Akaacha kusuka. "Mwalimu, wewe si wa huku?"

"Wa huku. Kilimarondo."

"Sasa hujui? Aliyefyeka ndiye anayeokota. Mtu akikufyekea mti wako bila kukuuliza, hajakusaidia. Amekuambia utoke."

Nilikuwa naijua sheria hiyo kama ninavyoijua njia ya nyumbani. Nilipokuwa mdogo, shangazi yangu alipewa mikorosho yake ya urithi kwa neno moja tu, babu alimwambia, kafyeke. Hapakuwa na karatasi. Alifyeka, ikawa yake, na mtu mwingine asingethubutu kuinama chini ya miti ile hata kwa korosho moja. Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini nilikuwa nayajua ya shambani. Kwangu mjini, kwenye kiwanja changu, na mti wangu mmoja wa kivuli cha kuanikia nguo, sikufikiri kwamba sheria inaweza kunifuata. Mama hakuwa na sheria nyingine. Alikuwa amechukua ardhi ndogo chini ya mti wa mwanawe, akaipanda vitu vya kwake, na mwanawe akafika Jumamosi na fyekeo.

Yule mtu aliniuliza kama swali limeisha. Nilikuwa sijabonyeza kitu.

Sikungoja Ijumaa. Nilimwambia bosi ninaumwa, na haukuwa uongo. Nilifika nyumbani alasiri, nikapita moja kwa moja chumbani kwangu, nikainama, nikavuta jembe kutoka uvunguni. Nikaingia nalo chumbani kwa mama nikasimama kama mwizi aliyerudisha mali.

"Mama, sikufyeka ili niokote."

Alinitazama, akalitazama jembe.

"Nilifyeka nikidhani umechoka. Nilikuonea aibu. Sikujua kama ni pako."

"Kiwanja chako," akasema. "Nyumba yako, mti wako. Mtu akifyeka kwake ana kosa gani?"

"Kosa ninalo."

Alijiinua akakaa. Ilimchukua muda, na nilijizuia kumsaidia. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Mimi hapa nina miezi mingapi? Na jembe umelilalia."

"Ulijua lilipo?"

"Nani asiyejua? Unafagia nyumba nzima, chini ya kitanda chako hufagii."

Nikamwambia lile nililokuja kumwambia, na lilinitoka vibaya, kwa kukatakata. Nilimwambia kafyeke. Nilimwambia kuanzia leo sitatia fyekeo pale, wala ufagio, wala mguu bila kumuuliza, na ukitaka paote pori mpaka dirishani, mama, paote, ni pako, na mtu akicheka acheke. Nilimwambia sitaki aende kwa tembo. Hilo nalo nilitaka lisemwe. Nilimwambia naogopa kubaki peke yangu.

Mama alichukua jembe akalipima uzito mkononi, akaniambia mpini umelegea, mtu anayemiliki jembe asilolitumia anastahili kunyang'anywa. Akavaa ndala zake. Akazunguka nyuma polepole, akishika ukuta, nami nikafuata kwa mbali.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuyahamisha maua yangu ya makopo, yote, mpaka kwenye uzio wa jirani. Kisha akainama penye vishimo vyangu, akafukua kimoja kwa vidole, akakaa akikitazama kile kichwa cha ming'oko.

"Nani kapanda hivi?"

"Mimi."

"Umepanda juu chini. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, Kilimarondo, amepanda ming'oko miguu juu."

Akanigombeza. Alinigombeza kuhusu vile vichwa, akahamia kwenye maji niliyomwaga wakati wa kiangazi kana kwamba ming'oko ni mchicha, akahamia kwenye gauni lililochanika, akarudi mpaka kwenye ufuta wake aliouacha haujakauka. Jirani alisimama kwenye uzio na kopo la maua mkononi. Mimi nilisimama nikigombezwa kama wa darasa la pili, na sijawahi kufurahi namna ile kwa kusemwa.

Magari ya ufuta yalikwenda Kilimarondo na kurudi, mama hakuomba lifti. Presha yake ilishuka tena, si kwa mara moja, na kuna wiki ilipanda bila sababu, au kwa sababu asiyoijua mtu. Dawa alikuwa anameza siku zote, jirani ni shahidi. Nilipomweleza bosi yaliyotokea, aliniuliza kwa upole, sasa wewe mwalimu unasema ni nini kilichomsaidia? Nikasema ni mimea. Halafu nikakumbuka kwamba wakati anaanza kuinuka hapakuwa na mmea wake hata mmoja, ardhi ilikuwa tupu na kavu. Nikasema basi ni jembe. Halafu nikasema labda ni dawa mpya. Labda ni kuniona nalia kwenye ile ndoo. Labda ni kunigombeza, maana sura yake ilibadilika alipoanza kunigombeza. Bosi alisubiri na kidole juu ya kioo. Nikamwambia aache wazi. Akaacha wazi, na nilimheshimu kwa hilo, ingawa mpaka leo pale mahali wazi pananisumbua.

Mwezi wa kumi mkorosho ulianza kudondosha. Chini yake mama hakuwa amefyeka pote, alisafisha mviringo upande mmoja wa kuokotea, na upande mwingine aliacha magugu yake, anasubiri mvua aone kama vichwa vitaamka. Watu wakipita wanasema mzee huyu kaacha nusu. Nami nawasikia nakaa kimya, jambo ambalo si kawaida yangu. Asubuhi moja nilikuwa naanika nguo, korosho ikadondoka karibu kabisa na mguu wangu. Nikainama. Kisha nikainuka bila kuigusa, nikaingia ndani kuendelea na kazi zangu.

Jioni mama alikuja mezani na kibakuli cha korosho. Alikuwa amezikaanga, amezibangua, vidole vimekuwa vyeusi kwa yale mafuta ya maganda. Alisimama mbele yangu, ndani ya nyumba yangu, kwenye meza yangu, akanisogezea.

"Hili fungu lako," akasema. "Mgeni hanyimwi."

Nikasimama kidogo, nikapokea kwa mikono miwili.